*Nebo: jinsi ya kusoma nomino ya Mame-Slavi

Nyota inayotangulia neno *nebo, yaani "mbingu", ni ilani kwa msomaji: neno hili halikupatikana katika maandishi yoyote, limeundwa upya na wanaisimu. Mame-Slavi, lugha iliyozaa Kirusi, Kipolandi, Kicheki na ndugu zao, haikuandikwa. Waliosoma habari za Mame-Bantu wanaijua alama hiyo, maana njia ni ileile: unalinganisha lugha zilizo hai na maandishi ya kale, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua.

Anza na maumbo. Likiwa kiima au yambwa ya sentensi, neno lilikuwa *nebo. Likionyesha umiliki, "ya mbingu", likawa *nebese. Likiwa yambwa tendewa, *nebesi. Katika wingi, *nebesa. Wanafunzi wengi hudhani kuwa -es- ni kipachikwa kilichoongezwa baadaye. Sivyo. Ni sehemu ya shina, na umbo fupi ndilo lililopoteza kitu.

Chanzo chake ni neno la Mame-Indo-Ulaya *nébʰos, lililohusu wingu au ukungu. Katika Kislavi, s ya mwisho wa neno ilidondoka, kwa hiyo kiima kikabaki *nebo. Ndani ya neno, katikati ya irabu, s ilisalimika. Kigiriki kilifanya kinyume chake: néphos, "wingu", kimetunza s ya mwisho, lakini umbo la umiliki ni népheos, s ya katikati imepotea. Kila lugha imehifadhi kile ambacho mwenzake alikitupa, na kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Kisanskriti kina nábhas, na Kihiti kina nepis, ambacho tayari kilimaanisha mbingu.

Baadaye nomino za aina hii zilivutwa na kundi kubwa la nomino zinazoishia na -o. Ndiyo maana Mrusi leo husema neba kwa umiliki, lakini katika wingi bado husema nebesa. Kislovenia kimeshikilia zaidi: telo, "mwili", umiliki wake ni telesa hadi leo.

Kwa hiyo ukifungua kamusi ya etimolojia ya Kislavi, usiishie kwenye kiima. Tafuta umbo la umiliki lililoandikwa kando yake. Shina kamili utalikuta hapo.