Intaneti ya Bure Sokoni: Jinsi Ifanyavyo Kazi

Katika masoko kadha wa kadha ya Kenya utaona kisanduku juu ya mlingoti, na watu wamesimama chini yake wakitazama simu zao. Hicho ni kituo cha intaneti ya bure, iitwayo waifai. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza mpango wa kuweka vituo 25,000 vya namna hii. Basi yafaa mkulima wa skimu aifahamu kazi yake kabla ya kukitumia.

Intaneti hutoka ng'ambo kwa nyaya za nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Kutoka pwani hupita nchi kavu kwa nyaya kama hizo mpaka mijini na masokoni. Kwenye kisanduku waya huisha, na redio huanza.

Wengine huuliza: Mbona redio ya Nairobi naisikia nyumbani, lakini kisanduku cha sokoni sikipati? Nguvu ya kisanduku ni ndogo mno, mara nyingi sehemu moja tu katika kumi ya wati. Tena, redio yako husikiliza tu, lakini simu lazima ijibu, nayo sauti yake ni ndogo vile vile. Kwa hiyo mahali pa wazi utapata mita 100 hivi. Nyuma ya ukuta wa mawe au mabati hupati hata hizo. Sogea mpaka ukione kisanduku kwa macho. Siku ya soko mwendo utakuwa wa polepole, maana wote mnagawana mfereji mmoja.

Sasa jambo la fedha. Mwizi aweza kuketi karibu na kisanduku chake mwenyewe, akakipa jina lile lile la kituo cha soko. Ukurasa ukikuomba namba ya siri ya M-Pesa ili upewe intaneti, huo ni wizi. Ufunge mara moja, au pesa za maziwa za mwezi mzima zitakwenda. Kusoma bei za mahindi au habari za mvua si hatari kubwa. Lakini ukitaka kutuma pesa, zima waifai kwanza, kisha tumia menyu ya laini yako. Hiyo hupita kwenye minara ya kampuni ya simu, si kwenye kisanduku.

Ukiondoka, iamuru simu isahau kituo kile. La sivyo, siku nyingine itajiunga na kisanduku chochote chenye jina hilo, ikiwa mfukoni mwako, bila kukuuliza.