Kazi ya Mpunga, Hesabu ya Mistari: Kumwandaa Kijana Mwenye Usonji Kujitegemea

Mtoto wa kwanza kuandikwa katika vitabu vya udaktari kuwa ana usonji alilelewa miaka kadhaa shambani. Donald Triplett alizaliwa mwaka 1933 huko Forest, mji mdogo wa Mississippi, Marekani. Daktari Leo Kanner alimweka namba moja kati ya watoto 11 aliowaeleza mwaka 1943. Wakati huo Donald alikuwa akiishi na mume na mke wakulima, nje kidogo ya mji wao.

Donald alikuwa na mazoea ya kuhesabu mistari ya mahindi, anamaliza, anaanza upya. Wenyeji wake hawakumfokea. Walimpa farasi na plau, wakamwambia ahesabu huku akilima. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alimkuta kijana analima mistari mirefu na kumgeuza farasi vizuri kabisa. Baadaye Donald alisoma chuo, akafanya kazi benki kwa miongo mingi, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, na wazazi wake walipofariki akaendelea kuishi katika nyumba yao. Alifariki mwaka 2023, akiwa na miaka 89.

Ni kweli, familia yake ilikuwa na uwezo, na benki ile ilikuwa ya upande wa mama yake. Lakini wale wakulima hawakuwa na utaalamu wowote wa hospitali. Walichokuwa nacho ni shamba, subira na jicho la kuona kitu ambacho kijana tayari anakipenda.

Vitu hivyo huku Rujewa, mkoani Mbeya, vipo. Kazi ya mpunga ina hatua zinazofuatana: kitalu, kupandikiza, palizi, kuvuna, kupiga, kuanika, kukoboa, kuchambua. Kijana anayependa kupanga vitu mstari mmoja anaweza kuwa fundi wa kupandikiza kuliko kaka zake. Asiyevumilia chembe iliyokaa vibaya atatoa chuya na mawe kwenye mchele hadi mnunuzi ashangae. Anayehesabu kila kitu apewe daftari la magunia. Tahadhari moja tu: kelele za mashine ya kukoboa huwatesa wengi wenye usonji, hivyo kumsimamisha mlangoni pale kwa saa nne na kisha kumwita mkaidi ni kumwonea. Apewe kazi ya uani, au vizuia sauti vya masikioni.

Nyumbani, mafunzo huanza mapema na huvunjwa vipandevipande. "Nenda ukaoge" kwa kijana wa namna hii inaweza kuwa amri tano ndani ya moja: chota maji, chukua sabuni, vua, jisugue, jifute. Picha tano zilizobandikwa ukutani kwa mpangilio husaidia kuliko maneno mengi. Ni vivyo hivyo kwa kupika ugali, kufua, na kwa binti, kujihudumia wakati wa hedhi. Akimudu hatua moja peke yake, ndipo anaongezewa nyingine. Mama anayemalizia kila kitu kwa huruma anamchelewesha, ingawa nani atamlaumu, jioni ikiingia na kuni mbichi?

Fedha zifundishwe kwa fedha halisi. Aanze na noti ya buluu ya 1,000 na nyekundu ya 10,000, dukani kwa mtu mmoja anayemfahamu, bidhaa moja, kila siku. Namba ya siri ya pesa za simu asimtajie mtu, hata anayejiita rafiki. Wapo wanaowatafuta vijana kama hawa ili wawaibie. Kuvuka barabara kuu ya Mbeya na Iringa kufanyiwe mazoezi mahali palepale, kwa muda mrefu, kabla hajaachwa peke yake.

Kuhusu ajira, mfano wa karibu uko Iringa mjini. Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, ilianza na vijana viziwi watatu, na leo watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali wanafanya kazi huko za mikono na za mgahawa. Usonji una mahitaji yake tofauti, ila kituo hicho kinaonyesha kwamba mteja akipata kitu kizuri hulipa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 wana ulemavu. Katika mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mzazi aanzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na kijana akitimiza miaka 18 aandikishwe kitambulisho cha taifa, maana bila hicho hata laini ya simu kwa jina lake ni shida.

Jambo la mwisho huahirishwa sana: nani atakuwa naye wazazi wasipokuwepo. Ndugu waitwe wakae, akiwemo kijana mwenyewe, wakubaliane atalala wapi, nani atamsaidia kusimamia jaruba lake, na simu ya nani iandikwe kwenye kadi anayotembea nayo mfukoni. Balozi na vijana wa bodaboda wa kijiweni wapewe namba hiyohiyo.