Dubai hadi Riyadh: dakika hamsini tu?

SWALI: Binti yangu anakwenda kazini Riyadh kupitia Dubai. Tiketi yake inasema ndege inatoka Dubai 10:00 na kufika Riyadh 10:50. Je, miji hiyo imekaribiana hivyo? – Mama, Ndabibi

JIBU: La, mama. Kutoka Dubai hadi Riyadh ni takriban kilomita 870 angani, kama mara mbili ya Nairobi hadi Mombasa. Safari hiyo huchukua karibu saa mbili, ukihesabu ndege inavyojivuta uwanjani kabla ya kupaa na baada ya kutua.

Kinachochanganya ni saa. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo. Dubai iko mbele ya Riyadh kwa saa moja, kwa hiyo ndege inayotoka saa nne asubuhi ya Dubai inatoka saa tatu ya Riyadh. Ikitua saa nne na dakika hamsini, binti yako amesafiri saa moja na dakika hamsini. Akirudi, tiketi itaonyesha karibu saa tatu, ingawa njia ni ileile.

Nairobi hadi Dubai ni kama saa tano. Hapo ndipo awe macho: akishuka Dubai asogeze saa yake mbele, asije akakosa ndege ya pili akidhani ana muda.

Nawe usihangaike kupiga hesabu akishafika. Saa ya Riyadh ni ileile ya Ndabibi, mpigie wakati wowote unaofaa kwako.