Tuhesabu Kwanza, Tununue Baadaye: Somo la Utafiti wa Biashara kwa Kamati za Miradi

Katika toleo hili tunajifunza jinsi ya kupanga na kufanya utafiti mdogo wa biashara kabla ya kuanzisha mradi wa kuzalisha mapato. Somo hili ni kwa kamati za miradi za sharika zetu. Wafadhili nao litawafaa, kwa kuwa ndio wanaopokea maandiko yetu ya miradi na kuamua kama watachangia.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2016 usharika mmoja uliomba mashine ya kusaga nafaka. Faida ilikusudiwa kununua sare, viatu na madaftari ya watoto yatima 11. Washarika walichanga fedha, wengine walileta debe la maharage au kuku, na wafadhili wakaongeza zilizobaki. Mimi, nikiwa mratibu, nilisaini andiko la mradi. Ndani yake tuliandika kwamba soko lipo la kutosha. Ushahidi wetu ulikuwa mmoja tu: siku ya Jumapili tuliuliza mbele ya watu wote, "Je, mnahitaji mashine?" Mikono yote ikanyanyuka.

Baada ya miezi 14 mashine ilisimama. Mkanda ulikatika na fedha ya kununua mwingine haikuwepo. Katika kikao cha tathmini mama mmoja mzee, ambaye ni mjane, aliuliza kwa upole, "Mratibu, kabla ya kununua mlihesabu?" Sikuwa na jibu. Tukaamua kufanya utafiti ambao tulipaswa kuufanya mwanzoni. Hatua zifuatazo ndizo tulizojifunza.

UTAFITI WA BIASHARA NI NINI?

Ni kukusanya na kupima taarifa kwa utaratibu ili kufanya uamuzi wa biashara. Neno "uamuzi" ndilo la kushika. Kama kamati imekwisha kuamua kununua na inatafuta takwimu za kupamba andiko, huo si utafiti. Kamati iwe tayari kupokea jibu la "hapana".

HATUA YA KWANZA: ANDIKA SWALI MOJA

Swali la "Je, watu wanahitaji mashine?" halipimiki. Swali letu la pili lilikuwa hili: "Je, mashine ya tatu katika kijiji hiki itapata debe za kutosha kila mwezi kulipa gharama zake zote na kubakiza kitu kwa ajili ya watoto?" Swali hili lenyewe linaonyesha taarifa zinazotakiwa: idadi ya kaya, debe zinazosagwa kwa mwezi, washindani, bei na gharama.

HATUA YA PILI: ANZA NA TAARIFA ZILIZOPO

Usitume watu vijijini kuuliza jambo ambalo limekwisha kuandikwa. Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji ina daftari la wakazi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa matokeo ya sensa. Ile ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Afisa Ugani anajua mazao na misimu. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lina watu wanaofahamu mashine, vipuri na uendeshaji wake. Katika kijiji chetu daftari lilionyesha kaya 420.

HATUA YA TATU: CHAGUA WATU WA KUHOJI

Si lazima kuhoji kaya zote, lakini si halali kuhoji marafiki tu. Tulichukua orodha ya kaya, tukapiga kura kupata namba ya kuanzia kati ya 1 na 10, kisha tukachagua kila kaya ya kumi. Zikapatikana kaya 42, zikiwemo za madhehebu na dini nyingine, maana mteja wa mashine haulizwi anasali wapi. Kaya ambayo haikuwa na mtu tuliirudia siku nyingine. Tusingeingia kwa jirani ambaye mlango wake uko wazi, kwa sababu anayeshinda nyumbani si sawa na anayeshinda shambani.

HATUA YA NNE: TUNGA MASWALI YA YALIYOTENDEKA

Hapa ndipo tulipokosea zaidi mara ya kwanza. Kwetu si adabu kumkatalia mgeni, sembuse Mchungaji. Ukiuliza, "Tukileta mashine utasaga kwetu?" utajibiwa ndiyo. Jibu hilo ni la heshima, si la soko. Uliza juu ya jambo lililokwisha kutendeka:

1. Mara ya mwisho mlisaga lini?
2. Mlisaga debe ngapi, na mwezi uliopita ngapi kwa jumla?
3. Mlisaga wapi, na kwa nini pale?
4. Mlilipa kiasi gani, na kwa fedha au kwa mkopo?
5. Kuna miezi ambayo hamsagi au mnasaga kidogo? Ni ipi?

Dodoso lisizidi ukurasa mmoja. Lijaribiwe kwanza kwa kaya tano zisizo katika orodha. Swali lisiloeleweka lirekebishwe. Wahojaji wasiwe Mchungaji wala viongozi wa kamati. Sisi tuliwatumia vijana wanne waliomaliza kidato cha nne, tukawafundisha kwa siku moja. Majina ya waliohojiwa hayakuandikwa, na kila mmoja aliambiwa kwamba ana hiari ya kukataa.

HATUA YA TANO: TAZAMA KWA MACHO

Maneno ya watu yapimwe kwa kuangalia. Kijana mmoja alikaa karibu na kila mashine iliyokuwepo, kwa ruhusa ya mwenyewe, siku ya gulio na siku ya kawaida, akihesabu debe zinazoingia. Kama dodoso linasema debe nyingi na macho yanaona chache, kuna jambo la kuchunguza. Kumbukeni pia msimu. Baada ya mavuno mahindi yamejaa ndani. Miezi ya njaa, ghala zikiwa tupu, mashine hulala.

HATUA YA SITA: FANYA HESABU

Matokeo yalikuwa haya. Kaya 42 zilisaga jumla ya debe 84 kwa mwezi, yaani wastani wa debe 2 kwa kaya. Kwa kaya 420 ni debe 840. Lakini tayari kulikuwa na mashine mbili. Ni kaya 14 tu kati ya 42, yaani theluthi moja, zilizokuwa zikitembea mbali kusaga kiasi kwamba mashine yetu ingezifaa. Theluthi ya debe 840 ni debe 280.

Bei ya kusaga debe moja ilikuwa shilingi 1,000. Dizeli kwa kila debe ilikula shilingi 300. Zilibaki shilingi 700 za kulipia gharama za kila mwezi ambazo hazipungui hata kama wateja ni wachache:

- Mwendesha mashine: 120,000
- Mlinzi: 60,000
- Matengenezo na vipuri: 40,000
- Akiba ya kununua mashine nyingine: 60,000
- Jumla: 280,000

Gawanya 280,000 kwa 700, unapata debe 400. Hicho ndicho kiwango ambacho mradi haupati faida wala hasara. Sisi tulikuwa na wateja wa debe 280. Debe 280 mara shilingi 700 ni shilingi 196,000. Kila mwezi tulipungukiwa shilingi 84,000. Mwanzoni upungufu haukuonekana kwa kuwa hatukuweka akiba wala kutengeneza mashine kwa wakati. Mkanda ulipokatika ndipo tukaona.

Tulipoona hesabu hizo kwenye karatasi moja, kikao kizima kilinyamaza. Si uvivu wa mwendesha mashine ulioua mradi, ingawa tulikuwa tumemnung'unikia mwaka mzima. Ilibidi tumwombe radhi.

HATUA YA SABA: JARIBU HALI MBAYA, KISHA AMUA

Kaya 42 zinatoa makisio, si uhakika. Kwa hiyo rudieni hesabu mkiweka wateja pungufu kwa robo, na tena mkiweka mafuta yaliyopanda bei. Mradi unaosimama tu wakati kila kitu kinakwenda vizuri hausimami. Kisha andikeni taarifa ya kurasa mbili au tatu: swali, njia iliyotumika, matokeo, mapungufu ya utafiti, na pendekezo. Isomwe mbele ya washarika kabla fedha haijatolewa.

Usharika ule uliuza mashine kwa bei ya hasara. Safari hii kamati iliuliza kaya zilezile juu ya harusi, misiba na sherehe za miezi 12 iliyopita: viti na maturubai vilitoka wapi na kwa gharama gani? Ikaonekana kwamba wengi walikodi mjini na kulipa usafiri mkubwa. Tukafanya hesabu kwa hatua hizihizi, tukaanza na viti 100 na maturubai mawili. Mradi huo haukuleta utajiri. Lakini unajilipa, na sare za watoto zinanunuliwa kila Januari.

MUDA NA GHARAMA

Utafiti wa namna hii unahitaji wiki tatu: ya kwanza kupanga na kufundisha wahojaji, ya pili kuhoji na kuhesabu kwenye masoko, ya tatu kuchambua na kuandika. Gharama ni karatasi, nauli, chakula na posho ndogo ya vijana. Ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine.

NENO KWA WAFADHILI

Mnapopokea andiko linalosema soko lipo, ulizeni: nani alihojiwa, alichaguliwaje, aliulizwa nini, na ni wateja wangapi wanahitajika ili mradi usipate hasara? Kuuliza hivyo si kutotuamini. Kama mngetuuliza mwaka 2016, mngetuokoa. Na kamati ikiomba fedha kidogo za utafiti kabla ya kuomba za mradi, msione kama ni ucheleweshaji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Mradi tulionao sasa unahitaji wateja wangapi kwa mwezi ili usipate hasara? Nani kati yetu anaijua namba hiyo?
2. Tulipouanzisha, tuliuliza watu watakachofanya au walichokwisha kufanya?
3. Je, tunaweka akiba ya kubadilisha vifaa vikichakaa?
4. Kama utafiti ungesema "hapana", tungekuwa na ujasiri wa kuwaeleza washarika?

Kamati itakayopenda kutumia dodoso letu la ukurasa mmoja iwasiliane na ofisi ya miradi kupitia kwa Mchungaji wa usharika. Kwa yule mama aliyeuliza kama tulihesabu, tunasema asante. Sasa tunahesabu.