Vidokezo 11 vya Likizo ya Agosti na Watoto Wadogo Mumias

Shule zimefungwa. Sare zimefuliwa, mabegi yamesukumwa chini ya kitanda, na kabla ya saa mbili asubuhi tayari kuna mtoto anayeuliza mchana tutakula nini. Jamaa zetu walio Ulaya huita miezi hii majira ya joto na hukimbilia ufuoni. Huku kwetu, karibu na Ikweta, Agosti ni mwezi wa mahindi yanayokauka, mvua ya alasiri, na binamu wanaoshuka kwenye basi la Nairobi wakiwa na mikoba mikubwa kuliko wao.

Likizo yenyewe ni wiki tatu hivi. Ukiingia bila mpango, utaiona ndefu kama mwaka. Lakini pesa nyingi hazihitajiki. Mwezi huu boma lina shughuli tele, ila sisi wazazi huwafukuza watoto kwenye shughuli hizo, kisha tunalalamika kwamba hawana la kufanya. Tuwaite warudi.

1. Asubuhi nje, alasiri ndani

Mvua ya huku ina mazoea yake. Asubuhi jua linawaka, adhuhuri mawingu yanajikusanya, na kuanzia saa nane au saa tisa ngurumo zinaanza. Kwa hiyo mpira, kufua, kwenda sokoni na kutembelea majirani vimalizwe kabla ya chakula cha mchana. Alasiri iwe ya usingizi, hadithi, kuchora na kupukuchua mahindi.

Weka sheria moja isiyo na mjadala: ngurumo ya kwanza ikisikika, kila mtoto aingie nyumbani. Kujikinga chini ya mwembe ni hatari. Wasitoke mpaka ipite nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na mvua ya mawe ikinyesha, wataomba kukimbia nje wakaiokote. Waokote, lakini ikishakatika.

2. Kila mtoto awe na kazi yake

"Nendeni mkasaidie" ni amri isiyomgusa yeyote. Mpe kila mmoja kazi anayojua ni yake. Wa miaka mitatu anaweza kuokota mayai na kupeleka vijiko mezani. Wa miaka minane aoshe vyombo na kuchota maji kwa mtungi wa lita tano, si ule wa ishirini.

Wa miaka mitano ndiye askari wa mahindi. Mahindi yakishaanikwa kwenye turubai, mtazame: ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo ya mpera mkononi, macho kwa jogoo anayejifanya anapita njia tu. Jogoo anasimama, anageuza kichwa upande mmoja, anapiga hatua mbili. Fimbo inainuka. Hapo una nusu saa nzima ya utulivu, nayo mahindi yako salama.

Kazi zina mipaka yake. Panga, mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia mimea vikae mbali na watoto. Usimimine dawa ya shamba kwenye chupa ya soda hata kwa siku moja, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

3. Mahindi ni darasa tosha

Gorogoro moja ya mahindi ni hesabu tosha ya asubuhi. Ndoo hii inaingia gorogoro ngapi? Gunia je? Gorogoro moja ikiuzwa bei ya leo sokoni, tano ni pesa ngapi? Mtoto wa gredi ya pili anayeikimbia hesabu daftarini ataipiga haraka ukimwambia faida ni ya kununua mandazi.

Kisha fanyeni jaribio la chumvi, ambalo wakulima wengi hulitumia kujua kama mahindi yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa. Tia punje za mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika, utikise kwa dakika moja. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 na yanarudi juani. Isipoganda, yamekaribia. Kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13.5, hivyo yaongeze jua kidogo kabla ya kuyatia guniani. Waeleze watoto sababu: mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu wenye sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Watataka kulirudia jaribio hilo kesho na keshokutwa. Waache.

4. Miwa ya nyumbani ndiyo tamu

Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, kizazi baada ya kizazi cha watoto wa huku kimekua kikilikimbilia trekta la miwa, mmoja akivuta muwa, wenzake wakishangilia. Wengi wetu tuliofanya hivyo leo tunacheka, lakini gurudumu la trela halimwoni mtoto, na dereva aliye mbele hasikii kelele za nyuma. Mwambie mtoto wazi kwamba huo ni mwiko.

Kisha mkatie muwa nyumbani ili asiwe na sababu ya kwenda barabarani. Mzazi ndiye amenye na kukata vipande, naye mtoto aketi anapotafuna, asikimbie na muwa mdomoni. Wale wadogo kabisa waruke somo hili, kwani makapi huwakaba. Jioni mswaki upite kwa kila mtu.

5. Nzoia si bwawa la kuogelea

Mto Nzoia huanzia mbali, kwenye vilima vya Cherangani na Mlima Elgon, na huishia Ziwa Victoria. Hapo ndipo hatari ilipo: kwenu kunaweza kuwa kukavu siku mbili, lakini mvua iliyonyesha huko juu ikapandisha maji kwa ghafla. Hakuna mtoto anayekwenda mtoni bila mtu mzima, hata kama ametumwa kufua, hata kama kaka yake wa miaka kumi anajua kuogelea.

Usisahau maji yaliyo karibu zaidi. Funika pipa la maji ya mvua, ziba shimo la choo lililochimbwa nusu, na mwaga maji ya beseni ukimaliza kufua. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuzama kwenye maji machache sana.

6. Mbu hawafungi shule

Kaunti yetu ya Kakamega iko kwenye ukanda wa ziwa, ambako malaria iko mwaka mzima. Kila mtoto alale ndani ya neti iliyotiwa dawa, wakiwemo wale wanaolala sakafuni sebuleni. Neti ifike chini na kuchomekwa kwenye godoro, isiachwe ikining'inia kama pazia.

Wa kuangaliwa zaidi ni wale wa kutoka Nairobi. Mbu wa malaria si wengi kule, kwa hiyo miili ya watoto hao haijazoea ugonjwa huu, na ukiwapata huwalaza haraka. Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, au mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini. Usimpe dawa zilizobaki kwenye droo.

Mwenye mtoto mchanga aangalie pia kitabu cha kliniki. Kakamega ni miongoni mwa kaunti 8 zilizochaguliwa Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria Septemba 2019. Ratiba iliyoanza nayo ilikuwa dozi nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, maana mtoto wa miaka miwili hana tena safari nyingi za kliniki. Likizo ni wakati mzuri wa kuulizia.

7. Binamu wapokelewe kwa utaratibu

Siku ya kwanza binamu hukumbatiana. Siku ya tatu hupigana kwa sababu ya baiskeli. Usiingilie kila ugomvi, ila panga mambo ya msingi: nani analala wapi, nani anaoga lini, na zamu ya baiskeli ni ya muda gani.

Tumia nafasi hii kuwafunza salamu. Mtoto akifika kwa kukhu, yaani bibi, amwamkue kwanza ndipo aulize neno la siri la Wi-Fi. Hata "mulembe" peke yake itamfurahisha bibi, na kutoka hapo atafundishwa mengine. Ombeni babu na bibi wawape watoto hadithi jioni baada ya kula, kwa Luwanga, hata kama wajukuu wanaelewa nusu tu. Hiyo nusu nyingine wataiuliza kesho.

8. Tumbo la likizo halina kengele

Shuleni mtoto hula kwa saa. Nyumbani hula kila anapopita jikoni. Rudisha saa: uji saa nne, chakula cha mchana saa saba, kitu kidogo saa kumi. Hicho kitu kidogo mwezi huu hakisumbui: mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, mapera. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kuponda mushenye, kwani mikono inayoponda viazi na maharagwe haina nafasi ya kuchokoza mdogo wake.

Kuku ni wa siku maalumu. Atangazwe mapema, ili watoto wapate siku kadhaa za kumngojea.

9. Kitabu kidogo, simu kidogo, tuisheni hapana

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku tuisheni ya likizo. Ukiambiwa ulipie, unayo haki ya kukataa. Watoto wa madrasa wana ratiba yao, na wale wa kanisani nao wana mafunzo yao ya likizo. Zaidi ya hapo, dakika ishirini za kusoma kwa sauti kila alasiri zinatosha kwa mtoto mdogo. Vitabu vikikosekana, gazeti la Taifa Leo la wiki iliyopita linasomeka vizuri tu. Asome yeye, wewe ukimenya viazi, na akikwama umsaidie.

Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa chini ya miaka miwili wasitazame skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Tafuta saa ile mvua inaponyesha na chakula kiko jikoni. Ikipita, simu irudi mfukoni mwako, na usiitoe tena wewe mwenyewe mbele yao.

10. Safari moja, iliyopangwa

Usitangaze safari tano ukatimiza sifuri. Chagua moja. Iliyo karibu ni Kituo cha Utamaduni cha Nabongo kule Matungu, kwenye makaburi ya wafalme wa Wawanga. Watoto wengi wa Mumias hawajui kwamba mji wao ulikuwa ukiitwa Elureko, na kwamba jina la sasa ni la mfalme wao, Nabongo Mumia, aliyetawala kuanzia mwaka 1882 na kufariki mwaka 1949. Waonyeshe.

Mkiwa na nauli zaidi, nendeni Msitu wa Kakamega, kipande cha pekee kilichobaki Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo. Kuna mbega weusi kwa weupe, vipepeo wa rangi zote, na miti ambayo watoto watano wakishikana mikono hawawezi kuizunguka. Ondokeni alfajiri ili mmalize kabla ya mvua. Vaeni soksi ndefu na suruali ziingie ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu. Ulizeni ada ya kiingilio kabla ya kufunga safari, na mbebe chakula chenu.

11. Wiki ya mwisho ianze mapema

Siku tano kabla ya shule kufunguliwa, rudisha saa ya kulala ya kawaida. Mtoto aliyezoea kulala saa nne usiku hawezi kuamka saa kumi na moja na nusu kwa siku moja. Jaribisha sare na viatu sasa, maana wiki tatu za mushenye na mahindi huongeza kimo. Kata kucha, kagua miguu kama kuna funza, na uulizie kituo cha afya kuhusu dawa za minyoo. Nunua madaftari wiki hiyo ikianza, kabla Mumias nzima haijajaa dukani.

Jioni ya mwisho, waulize watoto ni kazi gani ya likizo wangependa kuendelea nayo muhula ukianza. Wakichagua moja, waachie, na usiwapokonye Jumatatu kwa sababu una haraka. Likizo ya Desemba iko karibu, na askari wa mahindi aliyefunzwa vizuri mwezi Agosti atakuwa na faida hadi mwisho wa mwaka.