Kufundisha watoto kuimba: tuanze na miguu, noti zitafuata



Fungueni Biblia zenu katika 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 25. Pale waimbaji wa nyumba ya Bwana wanahesabiwa, nao ni 288, na andiko linaeleza kwamba walikuwa watu waliofundishwa. Tena walipiga kura za zamu zao bila kuchagua, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Basi kuimba ni kazi ya kufundishwa. Lakini kwetu watu wengi wanasema ni karama tu: huyu anayo, yule hana. Mtoto wa miaka saba akikosa sauti mara moja anaambiwa akae nyuma na kufunga kinywa. Anakifunga kweli, na wengine hawakifungui tena mpaka uzee.

Jambo la kwanza ni mfuatano. Mtoto anasikia lugha, halafu anaisema, na kisha ndipo anaenda shuleni kuisoma. Katika kwaya nyingi tunageuza: mwalimu anaandika do re mi ubaoni, watoto wanakopa kwenye daftari, na saa inaisha bila mtu kuimba. Mwalimu wa Hungaria, Zoltán Kodály (1882–1967), aliona kosa hilo kwao, akapigania njia nyingine: nyimbo za nyumbani kwanza, mchezo kwanza, alama za kuandika baadaye, na kila somo lisimame juu ya lile la jana. Hatuhitaji piano kwa hiyo. Tunahitaji miguu, mikono na uvumilivu.

Anza na pigo. Watoto watembee mahali pamoja, kushoto, kulia, polepole kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Usiseme habari ya noti. Wimbo wanaoujua uimbwe juu ya hatua hizo, na usiende mbele mpaka miguu yote inaanguka pamoja. Hapo walimu wengi wanachoka kwa siku moja, wanaruka. Ukiruka hapo, kwaya yako itakimbia daima mbele ya ngoma.

Miguu ikishatulia, chukua majina. Sisi Wanande tuna bahati, maana majina yetu ya kuzaliwa kwa zamu ni kitabu kizima cha mdundo: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa, na kwa wasichana Masika na wengine. Miguu iendelee, na juu ya kila hatua waseme Mbu-sa: sauti mbili sawasawa. Halafu Ka-se-re-ka: sauti nne ndani ya hatua ileile moja. Pa-lu-ku ni tatu. Watoto wengi wanafanya mbili fupi na ya mwisho ndefu, na hiyo ni nzuri, waache. Sasa gawanya darasa: upande mmoja Mbusa, upande wa pili Kasereka, na miguu ya wote isisimame. Watacheka sana. Wacheke. Kwa kicheko hicho wamekwisha kushika kitu ambacho mkubwa anatafuta katika vitabu kwa mwezi mzima. Siku utakapowaonyesha alama za noti mbili na noti nne, utasema tu: hii ni Mbusa, hii ni Kasereka.

Sasa sauti. Kodály alianza na mbili tu, so na mi, ile ya juu na ile ya chini kidogo, kama mtoto anavyomwita mwenzake toka upande mwingine wa bonde. Mwalimu aite jina la mtoto kwa so-mi, mtoto ajibu kwa so-mi. Majuma matatu au manne yatosha. Halafu ongeza la, kisha do na re. Fa na si zingoje. Ni ngumu kushika, na nyimbo nyingi nzuri zinakwenda bila hizo.

Mkono utasaidia. Do ni ngumi mbele ya tumbo. Mi ni kiganja kinachotazama chini, mbele ya kifua. So ni kiganja kinachokutazama wewe mwenyewe, karibu na kinywa. La ni mkono unaoning'inia juu kidogo. Alama hizo zilipangwa na mchungaji John Curwen wa Uingereza. Mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule ya Jumapili ulimpa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha watoto kuimba, naye akaipata kwa mwalimu mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, akaitengeneza zaidi. Wamisionari waliileta Afrika. Mwalimu Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliandika kwa njia hiyo mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake leo ni ya wimbo wa taifa la Tanzania. Alikuwa mwalimu wa shule, kama ninyi.

Neno moja kwa waliosoma solfeji ya Kifaransa: kule do haihami, ni mahali pamoja siku zote. Kwa Curwen do inahama, inakaa pale wimbo unapoanzia nyumba yake. Njia zote mbili ni nzuri, lakini usizichanganye mbele ya watoto.

Tena angalieni sauti yenu, hasa sisi wanaume. Mwanaume anaanza wimbo chini kwa sauti yake nzito, watoto wanajaribu kumfuata kule chini, wananguruma, na tunasema hawajui kuimba. Sauti ya mtoto inakaa juu. Mama mmoja au msichana mkubwa aanze wimbo. Na yule tunayesema hana sauti, mwambie aige kelele ya piki-piki inayopanda kilima, toka chini mpaka juu, kwa ulaini, asipige kelele ya koo. Mara nyingi sauti iliyopotea inapatikana hapo njiani.

Kuna lugha pia. Kinande kina sauti ya juu na ya chini ndani ya neno lenyewe; wimbo ukishuka pale neno linapopanda, mzee atasikia neno lingine. Kiswahili kinadai mkazo: barabara ya kutembelea ina mkazo karibu na mwisho, lakini kazi iliyofanyika barabara ina mkazo mbele zaidi. Mtunge nyimbo za watoto kwa kusema maneno kwanza, kisha kuyaimba kama yanavyosemwa.

Ngoma ije polepole. Tuna watoto waliokimbia upande wa Eringeti, Mbau na Oicha, tangu mauaji yaliyoanza Beni mwezi wa kumi mwaka 2014. Pigo kubwa la ghafula linawarudisha usiku ule. Onyesha ngoma kwanza, ipige kwa vidole, acha mtoto aiguse mwenyewe. Na mtoto asiyeimba usimlazimishe. Mpe njuga, au kopo la tomati lenye punje za mahindi, ashike pigo pamoja na wenzake. Kinywa kitafunguka siku yake. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, hatukuweza kushikana mikono, lakini hatua za miguu na majina havikukatazwa na mtu.

Vyombo si shida kama tunavyosema. Ndugu zetu Bakonzo, ng'ambo ya Rwenzori, wanalaza vipande vya mti juu ya vigogo vya migomba, wanapiga endara watu wengi pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Chupa nazo zinafaa: ukiigonga chupa, maji mengi yanashusha sauti, ukiipuliza mdomoni, maji mengi yanaipandisha. Bidoni ya manjano ni ngoma tayari. Kule Kinshasa, Orkestra ya Simfoni ya Wakimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Violini zilikuwa chache, watu walijifunza kwa zamu, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Baiskeli hazikosekani Butembo.

Tangu shule ya msingi iwe bila malipo mwaka 2019, madarasa yamejaa, na kwetu siku ya Mungu ni vilevile. Kwa watoto themanini, weka watoto wakubwa wanne kama viongozi, kila mmoja na kundi lake, uwafundishe wao siku ya Jumamosi. Somo lisipite nusu saa: hatua na majina dakika kumi, wimbo wa zamani, sauti moja mpya au hakuna, kisha wimbo wanaoupenda wao. Chaki na ubao vitoke tu wakati watoto wenyewe wanauliza ile Kasereka inaandikwaje.