Kuhamisha Mashine ya Boti kutoka Ndani hadi Nyuma ya Tezi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Somo hili limekusudiwa wenye boti ndogo za uvuvi na za abiria wa Pujini na hori nyingine za mashariki ya Pemba, wanaofikiria kuondoa mashine ya ndani na kufunga mashine ya kupachika juu ya breketi. Breketi ni kiunzi cha alumini au chuma kinachofungwa nje ya ubao wa tezi ili kuibeba mashine. Neno letu kuu ni moja: katika kazi hii, mashine mpya ni kitu cha mwisho kununuliwa. Kabla yake kuna tezi ya kupimwa, tundu la kuzibwa, uzito wa kusawazishwa na mapatano ya kuandikwa.

Kwa nini wenye boti hubadilisha

Boti tunazozizungumzia ni zile ambazo mashine imekaa ndani, karibu na tezi, na mguu wenye propela umetokeza nje kupitia tundu lililokatwa kwenye ubao wa tezi. Mfumo huu uliingizwa sokoni na kampuni ya Volvo Penta ya Sweden mwaka 1959. Una faida zake, lakini tundu hilo hulindwa na mipira inayokunjika. Mpira ukichanika, maji huingia chomboni hata boti ikiwa imetia nanga.

Pujini ni mahali ambapo maji hutawala safari. Ngome ya Mkama Ndume, ambayo magofu yake ya karne ya 15 yangalipo, ilikuwa na mfereji wa kuingilia vyombo maji yanapojaa. Hadi leo, wakati wa bamvua, maji yakipwa hori hubaki matope na mizizi ya mikoko. Mashine ya kupachika huinuliwa mpaka mguu wote ukatoka majini, na fundi huifikia bila ya kuingia ngamani. Aidha, breketi huwezesha ubao wa tezi kubaki mrefu bila ya kukatwa, hivyo wimbi la nyuma haliingii kwa urahisi.

Hatua ya kwanza: Pima nguvu ya tezi

Mashine iliyosogezwa nyuma huuvuta ubao wa tezi kuliko uzito wake unavyoonesha. Tuchukue mfano. Mashine ina kilo 80, kitovu cha uzito wake kiko sentimita 60 nyuma ya tezi, na safu ya bolti za juu iko sentimita 30 juu ya safu ya chini. Zidisha 80 kwa 60, kisha gawa kwa 30. Jibu ni 160: bolti za juu zinavutwa kwa nguvu iliyo sawa na kilo 160, yaani mara mbili ya uzito wa mashine, na boti bado imesimama. Lau mashine hiyo hiyo ingekuwa sentimita 20 tu nyuma ya tezi, mvuto huo ungekuwa kama kilo 53. Msukumo wa propela na kishindo cha mawimbi huongeza mvuto huo.

Kwa hivyo fundi agonge ubao wote kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Sauti nzito isiyo na mlio huashiria mbao iliyooza au faiba iliyoachana. Atoboe pia tundu dogo la majaribio; unga wa mbao ukitoka mweusi na wenye maji, tezi ijengwe upya kwanza. Bolti zipite mpaka ndani na zishikwe na bamba pana la kusambaza nguvu, si waasha ndogo peke yake.

Hatua ya pili: Ziba tundu la zamani

Tundu lililoachwa na mguu wa zamani ni pana, na sehemu yake iko chini ya mpaka wa maji. Kuliziba kwa gundi ya mpira na kipande cha bati ni hatari. Katika boti ya faiba, kingo huchongwa kwa mteremko, kwa kawaida milimita 12 kwa kila milimita 1 ya unene, kisha kiini kipya na tabaka za faiba hujazwa ili kiraka kishikane na ubao kuwa kitu kimoja. Matundu ya moshi na ya nyaya nayo yazibwe.

Hatua ya tatu: Sawazisha uzito na kimo

Mashine ya ndani ikiondoka, boti hupoteza uzito mbele ya tezi na kuupata mwingine nyuma yake. Matokeo yanaweza kuwa tezi kuzama na omo kunyanyuka. Fanya jaribio rahisi kabla ya kutoboa: tundu likisha kuzibwa, weka karibu na tezi mifuko ya mchanga yenye uzito wa mashine na breketi kwa pamoja, ukiongeza theluthi moja, kwa kuwa mashine itakaa nyuma zaidi ya mifuko. Tia pia mafuta, watu na mizigo ya kawaida. Ikiwa maji yanakaribia matundu ya kutolea maji, hamisha tangi na betri mbele, au agiza breketi yenye sanduku lisiloingia maji ambalo huelea.

Kimo nacho hubadilika. Maji hupanda kidogo baada ya kuipita tezi, hivyo kwa kila sentimita 30 za kusogea nyuma mashine huinuliwa kwa kadiri ya sentimita 2.5, kisha hurekebishwa baada ya majaribio. Urefu wa mguu uchaguliwe baada ya kipimo hiki. Mashine nyingi huuzwa zikiwa na mguu wa inchi 15, 20 au 25.

Hatua ya nne: Hesabu mafuta

Ikiwa mashine ya zamani ni ya dizeli, na mpya ni ya petroli ya kuchanganywa na oili, gharama za kila siku zitabadilika. Kwa kadirio, mashine ya namna hiyo yenye nguvu za farasi 40, ikiendeshwa kwa kasi yote, hutumia lita 20 hivi kwa saa. Ya dizeli yenye nguvu hiyo hutumia karibu nusu yake. Hatari nayo huongezeka: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, na cheche moja yatosha kuuwasha. Tangi lifungwe mahali penye hewa, na nahodha avae kamba ya kuzimia mashine.

Hatua ya tano: Andika mapatano

Tezi ikipasuka, muuzaji wa mashine aweza kusema kosa ni la fundi, na fundi akasema kosa ni la mashine; mwenye boti akabaki na deni na chombo kilicho juu ya mchanga. Mapatano ya maandishi yataje:

1. nani anawajibika kwa tezi, breketi na ufungaji;
2. aina ya chuma na bolti, ambazo zisishike kutu baharini;
3. muda wa dhamana, na mambo yanayoiondoa;
4. namba ya mashine, ioneshwe pia kwenye risiti;
5. sehemu ya malipo itakayobaki mpaka majaribio ya baharini yafanyike kwa mzigo kamili.

Kisha mwenye boti awaarifu Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ili maelezo ya mashine kwenye hati yalingane na iliyopo chomboni. Na wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao: mashine ya zamani isiuzwe mpaka majaribio hayo yamalizike.

Maswali ya kujipima

1. Mashine ina kilo 100, iko sentimita 45 nyuma ya tezi, na safu za bolti zimeachana kwa sentimita 30. Bolti za juu zinavutwa kwa kilo ngapi? (Jibu: 150.)
2. Kwa nini mguu wa mashine usichaguliwe kabla ya breketi?
3. Je, fundi wako yuko tayari kutia saini mambo yote matano? Ikiwa hayuko tayari, mtafute mwingine kabla ya kutoa fedha.